Mkono wa Bi Manyoya

Enzi zetu sisi, mtoto wa miaka kumi alikabidhiwa mji mzima na akaurudisha salama kabla ya adhuhuri. Leo mjukuu wangu ana miaka kumi na tisa, ana gari lake na simu mbili, na nikimtuma kutoka hapa Mawaleh, kwetu Oman, mpaka sokoni Sib aniletee papa mkavu, hunipigia mara nne kuuliza njia. Njia ni hiyo hiyo moja, na mwisho wake ni bahari. Simlaumu sana. Hakulelewa na tramu.

Mimi nimelelewa na tramu. Nyinyi wa rika langu, tuliotoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne, mmoja akaangukia Kairo, mwengine Dubai, mwengine London, mnajua kila mtu ana ya kwake. Ya kwangu ni Vienna. Baba yangu alikuwa fundi wa kuchagua karafuu, akizinusa tu anajua zimeanikwa siku ngapi. Tajiri mmoja wa huko Austria, aliyekuwa akinunua viungo Unguja, alimwandikia barua: kama huna pa kwenda, njoo, ghala langu linahitaji pua yako. Hatukuwa na pa kwenda. Nilikuwa na miaka minane tuliposhuka kwenye mji ule, katika baridi ya kukata masikio, nimevaa makubadhi na soksi za baba.

Niseme hili mapema, kwa kuwa watoto wa siku hizi hawaulizi. Mimi nina diploma ya upimaji wa ardhi, na sikubebwa na mtu. Nilikuwa mwanamke peke yangu darasani, nikatoka wa pili, na huyo wa kwanza alikuwa akinakili kwangu. Vipande vya barabara huko Rusayl, mnavyopita mkiwa kwenye ubaridi wa magari yenu, nimevipima kwa miguu yangu juani, wanaume wakinishikia kamba. Karatasi yenyewe nimeitundika sebuleni mkabala na mlango, mgeni hawezi kuikosa. Lakini ukiniuliza nilijifunza wapi kuijua njia, sitakuonyesha ile karatasi. Nilijifunza kwa kumshika Bibi mkono.

Tramu za Vienna siku hizo zilikuwa nyekundu chini na nyeupe juu, na viti vyake vya mbao viling'aa kwa kusuguliwa na makoti ya watu. Bibi aliziita magari ya waya, kwa ule waya unaopita juu yake, na nyumba nzima tukafuata jina hilo. Kondakta alikuwa na mkoba wa ngozi tumboni na koleo dogo la kutobolea tiketi, na juu ya kichwa chake ulipita mkanda mrefu. Akiuvuta, kengele inalia mbele kwa dereva na gari linaondoka. Ndani kulinuka sufu iliyorowa, chuma na tumbaku. Wakati wa theluji vioo viliganda vikawa vyeupe kama maziwa, na sisi watoto tulivipumulia mpaka kikafunguka kijidirisha cha kuchungulia, ukubwa wa jicho.

Tulikuwa watundu pia, msidhani. Tulipanga vifuniko vya chupa juu ya reli, tukajificha, tramu ikapita ikavilaza bapa kama sarafu, tukavitoboa na kuvivaa shingoni. Mama alinikuta nao mkufu huo. "We mwana we! Unataka kuangusha gari la watu, tufukuzwe na huku?" Niliuficha chini ya godoro, na Ijumaa inayofuata nikaongeza viwili.

Bibi, mama yake baba, alitufuata mwaka wa pili. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha zamani. La pili lilikuwa na mtoto wa jicho, akiona mwanga na vivuli tu. Daktari wa hospitali ya macho alisema jicho hilo lingoje liive, ndipo lipasuliwe, na kwa kuwa limebaki peke yake lazima alitazame mara kwa mara. Baba alikuwa ghalani toka alfajiri. Mama alikuwa mjamzito, na Kijerumani chake kiliishia kwenye ahsante. Basi baba akaandika barua shuleni, na kila Jumanne na Ijumaa asubuhi nikawa macho ya Bibi na ulimi wake.

Mngemwona! Buibui, juu yake koti la sufu la kiume lililofika kwenye vifundo vya miguu, na mdomoni karafuu, maana tambuu haikupatikana. Tukiingia sisi, gari zima linanukia pilau.

Sasa Vienna ina salamu yake. Mwanamume akikutana na bibi mtu mzima humwambia *küss die Hand*, yaani nabusu mkono. Kondakta wetu, mtu mnene mwenye masharubu, alimwambia hivyo kila kikongwe aliyepanda. Husema tu. Habusu mtu.

"Anasemaje huyu kila saa?" Bibi aliniuliza.

"Anasema nabusu mkono."

"Na anabusu?"

"Habusu, Bibi."

Bibi akaacha kutafuna karafuu yake. "Sasa anasema ya nini? Mwambie abusu au anyamaze."

Sikumwambia. Lakini mnajua nyumba zetu. Kwetu mdogo ndiye anayemwendea mkubwa, anaushika mkono, anaubusu, ndipo anafungua kinywa. Asiyefanya hivyo si kwamba amesahau, amekosa adabu, na mama yake amekosa naye. Bibi alikuwa na habari hizo kichwani, na mle ndani ya tramu mlikuwa na mtu mmoja aliyemsumbua.

Mtu huyo tulimwita Bi Manyoya. Siku zetu zote mbili tulimkuta kwenye kiti kile kile karibu na mlango, mkabala na sisi, na alibaki garini sisi tukishuka. Alivaa kofia yenye manyoya ya ndege ya rangi ya kahawia na glovu nyeusi, na alinukia nafutalini, dawa ya kufukuzia nondo kabatini. Bibi alizungumza kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo wengi wasioona, na kila akicheka Bi Manyoya aligonga sakafu kwa ncha ya mwavuli. Siku moja alisema kwa kijisauti chembamba kwamba tramu si soko.

"Huyu msichana ana hasira," Bibi akasema.

"Si msichana, Bibi. Ni mkubwa."

"Sauti changa hiyo, hajafika hamsini. Lakini kwako wewe ni mkubwa. Ushamsalimu hata siku moja?"

"Sijamsalimu."

"Basi ndiyo hasira yake hiyo! Mtoto anapanda, anashuka, wala hamshiki mkono. Ningekuwa mie ningekupiga na huo mwavuli. Ondoka, nenda kamsalimu kama unavyojua."

Nikaondoka. Nilishika mkono wake wa kulia, na glovu yake, nikasema *küss die Hand* kwa sauti ya kusomea shairi darasani, nikainama nikaubusu kweli.

Gari likacheka lote. Kondakta alicheka mpaka akasahau kuvuta mkanda wake, tukakaa kituoni bure. Bi Manyoya aliiva uso mpaka masikio, akaunyakua mkono wake, akasema, "Mtoto, hayo husemwa tu," kisha akageukia kioo ambacho hakikuonyesha kitu.

"Kasemaje?" Bibi akauliza.

"Kasema ahsante."

Ndiyo mara ya kwanza kumdanganya Bibi yangu. Nilikaa uso ukiniwaka kwa haya mpaka hospitali, na huko daktari akatuambia jicho limeiva. Jumanne Bibi aje kulazwa, afike kabla ya saa tatu asubuhi. Akichelewa kitanda atapewa mwengine, na yeye daktari anasafiri wiki ile ile harudi mpaka kiangazi. Akasema nimfahamishe baba vizuri: jicho hili likingoja mpaka kiangazi, yeye hawezi kuahidi kitu.

Jumapili mama akajifungua mtoto wa kiume, kwa taabu kubwa, na Jumanne bado hakuweza kuachwa peke yake. Baba alinisimamisha mlangoni akaniambia mara tatu: kabla ya saa tatu. Bibi alikuwa amempakata yule mchanga, anampapasa uso kwa vidole. "Pua ya nani hii?" akamuuliza. "Usinijibu. Nakwenda kutafuta jicho la kuionea."

Tramu zilikwenda mbili mbili zilizofungwa pamoja. La mbele lilikuwa na kondakta. La nyuma, miaka hiyo walikuwa wameanza kuliendesha bila kondakta, kwa wenye tiketi mkononi. Sisi tulizoea la mbele. Lakini gari lilipokuja niliyaona yale manyoya kupitia mlangoni, nikasikia tena vile vicheko, na miguu yangu ikanipeleka nyuma. Nikampandisha Bibi la nyuma.

"Mbona leo hakuna anayebusu mkono?" akauliza.

"Leo watu kidogo, Bibi."

Watu walikuwa wamesimama mpaka milangoni, wafanyakazi wenye makoti mazito, mimi usawa wa vifungo vyao. Vioo vimeganda, na sikuweza hata kukifikia kimoja nikipumulie. Juu kilikuwapo kipaza sauti kinachotaja vituo, lakini kilikoroma tu kama mtu mwenye mafua. Nikasema nitahesabu, hospitali ni kituo cha kumi na mbili. Nilihesabu vituo kwa mtikisiko wa breki, na sikujua kuwa kwenye vituo vyengine gari lilisimama polepole bila ya kutikisika. Nilipofika saba nikajiona hodari. Nilipofika tisa gari likaanza kupanda mlima.

Hapakuwa na mlima kabla ya hospitali.

"Bibi, tumepita."

"Tumepita nini?"

"Hospitali."

Mkono wa Bibi ulikaza kidogo tu juu ya wangu. "Basi si tushuke turudi? Haikuhama."

Gari likasimama. Mlango ulipofunguka niliiona saa ya mnara wa kanisa, zimebaki dakika kumi kutimia tatu. Nikaanza kulia, na nililia kwa Kiswahili, namwita mama, wale wafanyakazi wananitazama wasijue la kufanya. Nilikuwa nimechagua gari baya kwa ajili ya haya zangu, na kwa haya hizo Bibi atabaki gizani. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuyajua yote hayo kwa mara moja.

Ndipo yakaingia manyoya. Bi Manyoya alipasua watu kwa mwavuli, anahema, kofia imekaa upande, na nyuma yake yule kondakta mnene.

"Hawa hapa! Si nilikwambia hawakushuka?"

Alikuwa ametuona tukipanda la nyuma. Na pale kituo cha hospitali alitazama nje ya mlango, kama alivyotazama kila siku bila sisi kujua, hakuliona buibui likivuka barabara. Gari lilikwisha kuondoka aliposema. Kondakta alimwambia labda leo wanakwenda kwengine. Yeye akamjibu kwamba mama huyu haoni, hana pa kwenda kwengine.

Kondakta hakubishana tena. Aliruka chini akasimama katikati ya reli ya pili na mikono yake yote miwili juu, akaisimamisha tramu iliyokuwa ikiteremka mjini. Abiria wetu wakangoja, na sikusikia hata mmoja akilalamika. Bi Manyoya hakurudi kwenye kiti chake. Alimshika Bibi mkono wa pili, tukavuka theluji sisi watatu tumeshikana, Bibi katikati.

"Nani huyu?" Bibi akauliza.

"Yule msichana mwenye hasira."

"Anhaa," akasema. "Salamu imemfika."

Tulifika getini saa tatu imepita. Bawabu alikuwa ndani ya kijidirisha chake na orodha, akasema imekwisha kufungwa, mje kiangazi. Sikumfasiria Bibi. Bi Manyoya akaulaza mwavuli wake juu ya ile orodha akaanza kusema. Mimi niliyekuwa wa kwanza darasani kwa Kijerumani, mbele ya watoto wa wenyewe, siku ile nilifahamu nusu tu, maana mtu wa Vienna akikasirika huongea lugha ya jikoni kwao. Lakini moja nililipata sawasawa: "Mama huyu ametoka Afrika kuja kwenye jicho lake. Na wewe huwezi kutoka kwenye kiti chako?"

Bawabu akatoka kwenye kiti chake.

Muuguzi alipomchukua Bibi, Bibi aligeuka kuniaga, akauaga ukuta. "Mwambie yule binti Mungu ampe kheri," aliuambia ukuta. Nikamfasiria Bi Manyoya, nikiacha neno binti. Aliitikia kwa kichwa, akaniambia nipenge kamasi, akaondoka.

Siku hizo ukipasuliwa jicho hukurudi nyumbani jioni na miwani ya jua kama sasa. Bibi alilazwa chali siku kumi, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa ili asigeuke, na alisali kwa kope, kama alivyosema mwenyewe. Siku ya kumi na moja baba akanichukua. Walikuwa wamemvalisha miwani mizito kama kitako cha chupa. Alinitazama kitambo.

"Wewe nani?"

"Mie, Bibi."

"Muongo. Mjukuu wangu mdogo, ana mapengo."

Mara ya mwisho kuniona vizuri nilikuwa na miaka sita, kule Unguja. Alininyooshea mkono akanipapasa uso, kidogo kidogo, na kilipofika kidole chake puani ndipo akaamini. "Umekua bila ya ruhusa yangu," akasema, na baba akatoka nje kwenda kutafuta kitu asichokihitaji. Nyumbani alimtazama yule mchanga akacheka. "Pua ya babu yenu. Maskini mtoto wa watu."

Ijumaa ya kwanza tuliyorudi hospitali kutazamwa jicho, Bibi alitaka gari la mbele. Bi Manyoya alikuwapo. Bibi alikaa, akaisawazisha miwani yake, akamkodolea macho vituo viwili vizima. Halafu akanigeukia, kwa ile sauti yake ya kujaza gari.

"We mtoto! Mbona hukuniambia? Huyu mtu mzima! Huyu kanizidi miaka kumi na zaidi!"

"Nilikwambia, Bibi."

"Hukuniambia hivi. Miezi yote hii nnamwita msichana, nnakaa nnamngoja mie anisalimu!"

Akainuka gari likiwa linakwenda. Nilijua anakwenda kufanya nini, nikamvuta koti. "Bibi, husemwa tu! Hapa husemwa tu!" Hakunisikiliza. Alisimama mbele ya Bi Manyoya, akanyoosha mkono, akangoja.

Gari halikucheka. Bi Manyoya aliutazama ule mkono. Kisha akashika ncha za glovu yake, kidole kimoja kimoja, akaivua, na akautoa mkono wake mtupu, wenye madoa ya uzee na pete iliyokonda. Bibi akaubusu. Kondakta alivua kofia yake, na sijui hata leo alimvulia yupi.

Toka siku hiyo walikaa kiti kimoja. Bibi alisema kwa Kiswahili, yule alijibu kwa Kijerumani, wakikubaliana mambo mazito mpaka hospitali. Mara mbili nilijitolea kuwafasiria. Waliniambia ninyamaze, kila mmoja kwa lugha yake.

Mwisho wa mwaka wa sabini zilikuja habari kwamba milango ya Oman imefunguka, na sisi wenye asili ya huko tuliotawanyika turudi. Tukaja. Ndege ilitua katikati ya majabali ya Maskati, kwenye kiwanja cha vumbi, Bibi amebandika miwani kwenye kioo. "Milima yote hii," akasema, "na hakuna hata gari moja la waya?" Hapakuwa na gari la waya wala lami ya kutosha kumfikisha mtu Sib. Hiyo lami tukaja kuipima sisi, na mengine mnayajua. Bibi aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, na alikufa anaona.

Wajukuu zangu ni watoto wema. Wananibusu mkono kila asubuhi, huku macho yao yako kwenye simu, na nikiwaambia tulivyokuwa tukienda mjini na watu tusiowajua, huniuliza tulikuwa tunaongea nao nini. Kila mmoja ana gari lenye vioo vyeusi. Wanajua hali ya hewa ya Vienna kuliko jina la jirani wa mlango wa tatu.

Juzi niliwaaga, nikasema nakwenda kupanda basi. Wakacheka, wakataka kuniitia teksi. Basi lenyewe zuri, siwezi kulisema vibaya: baridi safi, viti laini, na sauti ya mashine inayotaja vituo kwa lugha mbili bila kukoroma. Niliingia nikatoa salamu. Dereva aliitikia. Wengine walikuwa na vitu masikioni. Nikakaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

Kituo changu kikatajwa waziwazi. Sikuinuka. Milango ikafunguka, ikajifunga, na basi likaondoka. Nikavitazama visogo vya watu, nikangoja mmoja ageuke aniulize nashukia wapi. Kikapita cha pili, na cha tatu.